Mashine imesoma P0171. Fundi amesoma nini?

Mwezi uliopita Toyota IST moja iliingia kwenye karakana yetu ya mafunzo ikiwa imeshapita gereji tatu. Taa ya injini inawaka, gari linakunywa mafuta, na asubuhi ukiliwasha linatetemeka kama lina homa. Gereji ya kwanza walipima kwa mashine, ikatoa kodi (namba ya hitilafu) P0171, wakabadilisha sensa ya oksijeni. Ya pili wakapima, P0171 ileile, wakabadilisha tena sensa ya oksijeni, safari hii wakidai ile ya kwanza ilikuwa feki. Ya tatu waliosha nozeli, wakafuta kodi, taa ikazima. Ilikaa siku nne ikawaka.

Nafundisha umeme wa magari hapa Dar es Salaam. Kabla ya hapo nilikaa gereji miaka kumi na mbili, nikianza kama saidia fundi wa kushika tochi na kuosha spana kwa dizeli. Watu huniuliza kama hizi mashine za kupima zimerahisisha kazi. Huwa nawajibu kwa magari kama hili.

Kodi yenyewe haina uchawi. P ni injini na gia boksi. 0 maana yake ni kodi ya wote, si ya kampuni moja. 1 inakupeleka kwenye habari za mafuta na hewa, na 71 inasema mchanganyiko una hewa nyingi kuliko inavyotakiwa. Mfumo huu, OBD-II, Marekani waliulazimisha kwa magari ya kuanzia modeli za 1996, na tundu lake la pini 16 utalikuta chini ya usukani. (Magari yaliyotengenezwa kwa soko la Japani, ambayo ndiyo mengi yanayoshuka bandarini kwetu, hayakubanwa na sheria ile. Kwa hiyo kile kifaa cha kupimia cha bluetooth cha bei chee kikigoma kuongea na gari lako, usikitupe kwanza.)

Sensa ya oksijeni imekaa kwenye ekzosti. Inanusa moshi na kupeleka taarifa kwenye kontroli boksi, yaani kompyuta ya injini. Ilinusa oksijeni nyingi, ikasema ni nyingi, na kweli ilikuwa nyingi. Ikafukuzwa kazi mara mbili kwa kusema ukweli.

Niliwaambia wanafunzi waweke spana chini, wafungue ukurasa wa data injini ikiwa inaunguruma, waone kompyuta inaongeza mafuta kiasi gani kufidia ile hewa. Gari likiwa sailensi, bila kukanyagwa, ilikuwa inaongeza asilimia 24. Ukikanyaga hadi mizunguko 2,500 kwa dakika, inashuka hadi 6. Nikawauliza: ni hewa gani hiyo inayoumiza injini ikipumua kidogo, halafu haionekani ikipumua sana? Darasa kimya. Binti mmoja wa mwaka wa kwanza akasema, "Tundu, mwalimu. Tundu dogo."

Ndiyo hivyo. Sailensi injini inavuta hewa kidogo, kwa hiyo hewa ya wizi inayopenya kwenye ufa inakuwa fungu kubwa. Ukikanyaga, hewa halali inaingia kwa wingi, ile ya wizi inamezwa humo. Sensa mbovu isingechagua mzunguko namna hiyo. Tukaanza kubana mipira ya kupitisha hewa kwa koleo, mmoja baada ya mwingine, jicho likiwa kwenye skrini. Tulipobana ule unaotoka kwenye kava la vavu kwenda manifoldi, namba ikaanza kushuka: 24, 19, 11. Ulikuwa umepasuka kwa chini, mahali ambapo huoni mpaka uweke kioo. Bei ya mpira ule ni chenji ukilinganisha na sensa mbili.

Wale mafundi watatu si wajinga, na nina hakika mmoja wao ana mkono mzuri kuliko mimi. Tatizo ni jinsi walivyofundishwa, na walifundishwa kama mimi. Bosi wangu alikuwa anapima nafasi ya platini kwa kipande cha boksi la kiberiti. Kabureta aliirekebisha kwa bisibisi, sikio limeinama, mpaka mlio ukatulia. Hakuwahi kunieleza neno. Mimi nilisimama pembeni nikaiba kwa macho, na niliweza kuiba kwa sababu kazi yote ilikuwa inaonekana: mkono ukigeuka hivi, mlio unabadilika vile.

Leo fundi anaangalia skrini dakika ishirini, anakunja uso, anarudi kwenye boneti, anachomoa kitu. Saidia fundi anaona nini? Anaona P0171 ikitokea, halafu anaona sensa ikitoka na nyingine ikiingia. Kilichotokea katikati kilikuwa kichwani mwa mtu, na kichwani hapaibiki kwa macho. Basi anaondoka na somo moja: P0171 ni sensa. Kesho anafungua gereji yake.

Karakanani kwetu sasa kuna sheria inayowakera sana vijana. Kabla hujachomoa kitu, unasema kwa sauti unashuku nini, namba gani imekufanya ushuku, na utajuaje kama umekosea. Hilo la tatu ndilo linalowatoa jasho.

Halafu kuna Kiingereza. Kijana amesoma shule ya msingi kwa Kiswahili, sekondari kwa Kiingereza alichokariri zaidi ya kukielewa, leo namkabidhi mchoro wa nyaya wa kurasa arobaini. Hapa simu imesaidia kweli, siwezi kubisha. Wanapiga picha ukurasa, wanaiuliza akili mnemba, wanapata maelezo kwa Kiswahili kinachosomeka. Ila ukiiuliza kodi, inakupa orodha ya sababu kumi na mbili, na mwanafunzi mvivu anaanza na ya kwanza. Isitoshe, haijui kwamba gari hili liliwahi kufungwa alamu na mtu aliyekata nyaya tatu chini ya dashibodi na kuziunga kwa selotepu. Mambo hayo yako kwenye gari, huyapati kwenye mchoro.

Kwenye haibridi, yaani magari yenye injini na mota ya umeme pamoja, kuiga kwa macho kunaua. Betri kubwa ya Prius ya kizazi cha pili ina volti 201.6, ya Aqua ya kizazi cha kwanza ina 144, na nyaya zake ni za rangi ya chungwa ili hata asiyesoma ashtuke. Fundi wa zamani hugusisha waya kwenye bodi aone cheche kama umeme upo. Nimeifanya mimi mwenyewe kwenye volti 12 mara zisizohesabika. Kwenye haibridi unavaa glavu za umeme mkubwa, unachomoa plagi ya usalama, unaiweka mfukoni mwako ili mwenzako asiirudishe, unasubiri dakika kumi, unapima, ndipo unagusa. Kwa anayetazama kwa mbali, zile dakika kumi ni fundi amekaa tu. Nani ataiga kukaa?

Mteja naye haoni kazi kwenye kukaa. Akiona spea mkononi analipa, hata kama haikuhitajika. Mwambie ni hela ya kupima, anacheka: "Fundi, yaani nikulipe kwa kuangalia?" Kwa hiyo gereji inauza sensa, kwa sababu sensa inauzika. Wale wa gereji ya kwanza na ya pili huenda walijua hawana uhakika, lakini kusema "sijui bado" hakuna risiti.

Kijana mmoja niliyemfundisha amefungua kibanda. Ubao wa "KUPIMA" aliupandisha, ukamfukuzia wateja, akaushusha. Siku hizi anapiga picha skrini kabla hajagusa chochote, anapiga nyingine akimaliza, anamtumia mteja zote mbili WhatsApp na maneno mafupi: ilikuwa 24, sasa ni 3. Bei anaitaja baada ya picha. Ananiambia wengine sasa wanazisubiri zile namba, na juzi mmoja alimpigia kumuuliza kwa nini ni 3, mbona si sifuri.