Dereva alichoka, au usingizi ulimpitia?

Gari limeacha barabara saa kumi alfajiri. Njia imenyooka, hakuna hata alama ya breki. Halafu msemaji anakohoa kidogo na kututangazia chanzo: "uchovu wa dereva". Nimelisikia mara nyingi mno. Huo si uchovu, ni usingizi.

Uchovu ni kupungukiwa nguvu, za mwili au za akili, baada ya kutumika. Ukipumzika unapungua. Usingizi ni haja, kama kiu, na haja hiyo haiishi kwa kukaa kivulini. Inaisha kwa kulala.

Uchovu unatoka kwenye choka, k ikageuka v kama okoka ilivyozaa wokovu. Tatizo ni kwamba choka tumeitwisha kila mzigo. Umechoka kubeba, umechoka kusubiri, umechoka na maneno ya mtu. Mtaani aliyechoka mbaya ni aliyefulia, hata kama ameamka saa nne asubuhi. Lakini angalia nani anatenda. Nimechoka: ni mimi. Usingizi, kinyume chake, unanishika, unanichukua, unanipitia, na ukitaka unaniruka. Hapo mimi ni mtendwa. Dereva aliyechoka anajua amechoka na anaweza kuegesha gari, aliyepitiwa hakushirikishwa. Kwa mwendo wa kilomita 100 kwa saa, kusinzia kwa sekunde 4 ni zaidi ya mita 110 ambazo gari linakwenda bila mtu.

Mwaka 1997 Drew Dawson na Kathryn Reid, watafiti wa Australia, walionyesha kwamba mtu aliyekaa macho saa 17 hufanya jaribio la kuoanisha jicho na mkono vibaya sawa na mwenye kileo cha asilimia 0.05 katika damu. Akifikisha saa 24, ni kama asilimia 0.10. Watu hao hawakuwa wakibeba magunia. Jaribio lilikuwa la kompyuta. Na hata hivyo, kwenye kichwa cha makala yao, wao nao wakaandika uchovu!

Kukosa usingizi ni kulekule, kazini na barabarani. Ndiyo maana ukikuta mtafiti mmoja ameandika kuhusu wazima moto wa nyika na pia kuhusu madereva, usidhani anarukaruka mada. Marekani, wanaozima moto wa nyika wana kanuni: kwa kila saa 2 za kazi au safari, saa 1 ya kulala au kupumzika. Hiyo "au" ndiyo inayonikera. Mtu wa zamu ya usiku amejilaza hemani mchana, joto, moshi, jenereta inanguruma. Macho yake yamebaki wazi. Kwa hesabu ya karatasi, amepumzika. Misuli yake huenda ikakubali. Kisha siku zake 14 za kazi kwenye moto zinakwisha, anapewa usukani arudi kwao, na deni la usingizi linapanda naye garini.

Sisemi uchovu wa kweli haupo barabarani. Foleni, mvua kubwa na njia usiyoijua huichosha akili. Njia tupu isiyo na kona huichosha pia, kwa kuikosesha kazi. Wapo watafiti wanaoutenganisha uchovu huo wa kazi na ule wa kukosa usingizi, kwa sababu wa kwanza unaweza kupungua ukisimama ukanyoosha miguu. Wa pili hausikii habari ya miguu, wala dirisha lililofunguliwa, wala redio ya sauti kubwa.

Kwa hiyo, ndugu msemaji, kama huna hakika si vibaya kusema bado haijajulikana kama dereva alichoka au usingizi ulimpitia. Na unapomhoji, usiishie kumuuliza alipumzika lini. Muulize alilala lini.