Je, wajua kwa nini mgombea mwenye kura 7,000 anaweza kuwa mbunge huku mwenye kura 9,500 akibaki nje?

Kila mara Tume Huru ya Taifa ya Uchaguzi ya Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, CENI, inapotangaza majina ya wabunge, mjini Lubumbashi huanza hesabu ya pili, ile ya mitaani. Katuba, Kampemba na Ruashi watu huchukua majina mawili, huyu kura 9,500 na yule kura 7,000, kisha wanauliza kwa nini mwenye kura chache ndiye anayekwenda Kinshasa. Wanafunzi wa sekondari huliingiza swali hilo katika somo la elimu ya uraia, na mara nyingi hujibiwa kwamba sheria ya uchaguzi ni ngumu. Ukweli ni kwamba sehemu hii ya sheria haihitaji zaidi ya kujumlisha na kugawanya, na kila mpiga kura anastahili kuielewa.

Kosa la msingi ni kuwalinganisha watu wawili ambao hawakuwa wakishindania kiti kimoja. Tumezoea uchaguzi wa rais, ambao tangu marekebisho ya Katiba ya Januari 2011 una duru moja tu, na mwenye kura nyingi kuliko wengine ndiye anayeshinda. Mazoea hayo tunayahamishia kwenye uchaguzi wa wabunge, kana kwamba wagombea wote wa mji wamepangwa katika mstari mmoja kuanzia mwenye kura nyingi hadi mwenye kura chache, na viti vinagawiwa kwa kufuata mstari huo. Katika eneo la uchaguzi lenye kiti kimoja ndivyo ilivyo hasa: anayeongoza anachukua kiti. Lakini katika eneo lenye viti viwili au zaidi, na mji mkubwa kama Lubumbashi ni mojawapo, mstari huo haupo kabisa. Viti hugawiwa kwanza kwa orodha za vyama na miungano ya vyama, na ni baada ya hapo tu ndipo majina ya watu yanapotazamwa.

Hii ina maana kwamba kura moja huhesabiwa mara mbili kwa kazi mbili tofauti. Mpiga kura anapochagua picha ya mgombea wake kwenye mashine ya kupigia kura, anadhani amempa mtu huyo tu. Kwa kweli kura hiyo kwanza inaingia katika jumla ya orodha yote ambayo mgombea huyo yumo, na jumla hiyo ndiyo inayoamua orodha itapata viti vingapi. Kisha kura ileile inatumika tena ndani ya orodha, safari hii kuamua ni nani kati ya wenzake atakayekalia kiti kilichopatikana. Anayempigia kura mtu anayempenda katika orodha asiyoipenda anaweza, bila kujua, kumsaidia jirani wa mtu huyo kuingia bungeni.

Tuchukue mfano wa kubuni, wenye tarakimu rahisi. Eneo lina viti 4, na kura halali ni 100,000. Orodha A imepata kura 48,000, orodha B 27,000, orodha C 15,000 na orodha D 10,000. Hatua ya kwanza ni kugawanya kura zote halali kwa idadi ya viti: 100,000 kwa 4 ni 25,000. Namba hiyo ndiyo kipimo cha uchaguzi, na inafanya kazi kama bei ya gunia la unga wa mahindi sokoni. Kila orodha inaingia sokoni na kura zake mkononi na kununua magunia mazima inayoweza kulipia. Orodha A ina 48,000, inanunua gunia moja na kubaki na 23,000. Orodha B inanunua moja na kubaki na 2,000. Orodha C na orodha D hazifikii bei hata ya gunia moja, kwa hiyo kura zao zote, 15,000 na 10,000, zinahesabiwa kuwa baki. Magunia mawili yametoka na mawili hayajapata mnunuzi. Hapa ndipo kanuni yenyewe inapoanza kutumika: yaliyosalia hayapewi aliyeingia na kura nyingi, bali yanatolewa moja moja kwa mwenye baki kubwa zaidi. Baki kubwa zaidi ni 23,000 za orodha A, ambayo inapata kiti chake cha pili. Inayofuata ni 15,000 za orodha C, nayo inapata kiti kimoja. Orodha D, yenye kura 10,000, inaondoka mikono mitupu.

Sasa tufungue orodha. Ndani ya A wagombea wanne wamepata kura 19,000, 13,000, 9,500 na 6,500. Orodha ina viti viwili, basi wa kwanza na wa pili wanaingia na wa tatu, mwenye 9,500, anabaki nje. Ndani ya C kura ni 7,000, 4,500, 2,500 na 1,000. Orodha ina kiti kimoja, na mwenye 7,000 anakichukua. Aliyemzuia mgombea wa kura 9,500 ni mwenzake wa orodha A mwenye 13,000, wala si mgombea wa C, kwa sababu hawakuwahi kuwa katika shindano moja.

Wapo watakaosema kwamba hata kama hesabu ni sahihi, haki haikutendeka. Hoja hiyo inastahili kujibiwa kwa makini. Tukimwingiza mwenye 9,500 mahali pa mwenye 7,000, orodha A itakuwa na viti 3 kati ya 4, yaani asilimia 75 ya viti kwa asilimia 48 ya kura, nao wapiga kura 15,000 wa orodha C hawatakuwa na mtu yeyote. Lengo la mfumo wa uwakilishi wa uwiano ni viti kufanana na mgawanyo wa maoni ya watu kadiri inavyowezekana. Lengo hilo lina gharama yake, na gharama hiyo ni huyu mgombea mwenye kura nyingi anayerudi nyumbani.

Jambo moja halipaswi kuchanganywa na hili. Kwamba tofauti kati ya 9,500 na 7,000 haithibitishi wizi, haimaanishi kwamba wizi haupo. Baada ya uchaguzi wa Desemba 2023, CENI yenyewe ilifuta matokeo ya maeneo ya uchaguzi ya Masimanimba na Yakoma na kufuta kura za wagombea 82 kwa tuhuma za udanganyifu na makosa mengine. Anayetaka kulalamika anapaswa kuonyesha kwamba kura za orodha zilihesabiwa vibaya, au kwamba nafasi ndani ya orodha ilibadilishwa. Kulinganisha kura zake na za mtu wa orodha nyingine hakuthibitishi chochote mbele ya Mahakama ya Katiba, ambayo ndiyo inayosikiliza mashauri ya wabunge wa taifa.

Kanuni ya baki kubwa ina tabia moja ya ajabu, na wanasiasa wetu waliigundua mapema. Turudi kwenye mfano wetu na tuseme viongozi wa orodha A wanaunda vyama vitatu ndugu, kila kimoja na orodha yake, na wafuasi wao wanagawanyika sawasawa, kura 16,000 kwa kila orodha. Hakuna hata moja inayofikia 25,000. Orodha B inachukua kiti chake kizima, na viti vitatu vinakwenda kwa mabaki: 16,000, 16,000 na 16,000, zote juu ya 15,000 za orodha C. Familia ileile, kwa kura zilezile 48,000, sasa ina viti 3 badala ya 2, ingawa hakuna raia hata mmoja aliyebadilisha msimamo. Hivi ndivyo vyama vinavyoitwa mozaiki nchini mwetu vinavyonufaika. Ujanja huo una hatari zake: wafuasi wakigawanyika vibaya, 30,000 kwa orodha moja na 9,000 kwa kila moja ya nyingine mbili, familia inapata kiti kimoja tu, na vile viwili vya mwisho vinakwenda kwa C na D.

Bunge lilijaribu kuweka breki. Marekebisho ya sheria ya mwaka 2017 yalileta kizingiti: orodha isiyofikisha asilimia 1 ya kura halali za nchi nzima haishiriki katika ugawaji wa viti vya Bunge la Taifa, hata kama imefanya vizuri katika mji mmoja. Marekebisho ya 2022 yaliongeza sharti la mapema zaidi, kwamba chama au muungano uwe na wagombea wanaofikia asilimia 60 ya viti vyote vinavyoshindaniwa, yaani 300 kati ya 500 vya Bunge la Taifa. Kwa maoni yangu kizingiti cha kitaifa kimetatua tatizo moja na kuzaa jingine, kwa sababu sasa mgombea mwenye kura za kutosha kabisa Lubumbashi anaweza kuanguka kwa sababu ya udhaifu wa chama chake Mbandaka au Kindu, na kueleza jambo hilo kwa wapiga kura wake ni kazi nzito kuliko kueleza mabaki.

Kanuni yenyewe si ya Kikongo. Alexander Hamilton aliipendekeza nchini Marekani kwa ajili ya kugawa viti vya bunge baina ya majimbo, na mwaka 1792 Rais George Washington aliukataa muswada huo, jambo lililokuwa kura ya turufu ya kwanza katika historia ya nchi hiyo. Ilipokuja kutumika baadaye katika karne ya 19, maofisa wa sensa ya 1880 waligundua kwamba jimbo la Alabama lingepata viti 8 kama bunge lingekuwa na viti 299, lakini lingebaki na 7 kama bunge lingeongezewa kiti na kufikia 300. Kwetu kanuni hiyo hutumika pia kugawa viti 500 baina ya majimbo kwa kufuata idadi ya wapiga kura walioandikishwa, ila kwa kuwa 500 imewekwa na sheria, kioja cha Alabama hakipati nafasi ya kutokea.

Matokeo yake ya kisiasa yanaonekana wazi. Mwaka 2006 chama kilichoongoza, PPRD cha Rais Joseph Kabila, kilipata viti 111 kati ya 500, na mwaka 2011 kilibaki na takriban 60 huku kikiendelea kuongoza. Hakuna chama kinachotawala peke yake kwa viti vya namna hiyo, kwa hiyo kila serikali huundwa kwa mapatano ya vyama vingi.

Tena mabaki hayaishii Kinshasa. Wabunge wa jimbo huchaguliwa kwa kanuni hiyohiyo, isipokuwa wale wanaoteuliwa na wenzao, ambao Katiba inasema wasizidi moja ya kumi. Ni wabunge hao wa jimbo, si raia moja kwa moja, wanaomchagua gavana wa Haut-Katanga, jimbo ambalo Lubumbashi imo, pamoja na maseneta wa jimbo hilo. Aliyeingia na kura 7,000 kupitia baki ya orodha yake ana sauti moja katika kumchagua gavana, sawasawa na mwenzake aliyeingia kwa 20,000.