Kuwa na kitambulisho sio kuwa mpiga kura

Wengi wanajua ukishapata kitambulisho cha taifa basi jina lako lipo tayari kwenye daftari la wapiga kura, sio kweli jamani. Ujerumani sawa, kule majina yanatolewa moja kwa moja kwenye rekodi za wakazi, na Marekani kuna jimbo la North Dakota halina kabisa mambo ya kujiandikisha, ila nchi nyingi lazima ujiandikishe mwenyewe na zoezi linafungwa kabla ya siku ya kura, hapo ndo watu wanakwama. Ukihama hamisha na taarifa zako. Halafu kahakiki jina mapema, kosa linarekebishika, maana siku yenyewe ukikuta halipo mara nyingi unarudi nyumbani, wenzako wanakuchagulia viongozi.