Krapi wa mwezi wa tatu: tunayoambizana na yaliyo majini

Sisi tuliokulia kando ya Ziwa Tanganyika tunafika Kentucky, jimbo la Marekani, na hakika moja kichwani: ziwa tunalijua. Basi mwezi wa tatu ukiingia, baridi ikilegea kidogo, simu zinaanza kupigwa. Krapi wameshafika? Kila mtu ana jibu, na mengi ya majibu hayo yanawarudisha watu nyumbani na ndoo tupu.

Kwa asiyemfahamu, krapi ni samaki bapa, kwa umbo anakaribiana na sato ingawa si ndugu yake. Ana rangi ya fedha yenye madoa meusi, na nyama yake ni nyeupe, laini, haina shombo kali. Yuko mweupe na yuko mweusi, na wote wawili wanaishi Kentucky Lake.

Jambo la kwanza ninalolisikia ni kwamba ziwa lile ni kubwa mno, bila boti yenye injini ya nguvu hupati kitu. Ukubwa ni kweli: kutoka bwawa la Gilbertsville hadi ndani ya jimbo la Tennessee ni karibu kilomita 296. Lakini lile si ziwa kama letu la Kigoma au Uvira. Ni mto Tennessee uliozibwa kwa bwawa lililokamilika mwaka 1944, maji yakapanda yakafunika mabonde na mashamba. Mto wa zamani bado uko chini na kingo zake. Kila ghuba nayo ina kijito chake kilichozama, kinachopindapinda hadi kuungana na mkondo mkuu. Krapi huifuata mifereji hiyo kama ng'ombe wanavyofuata njia yao ya kwenda kunywa maji. Wakati wa baridi hukaa penye kina, kwenye mkondo au mdomoni mwa ghuba. Joto likipanda huanza safari ya kuingia ndani, hatua kwa hatua, wakipumzika kwenye visiki, nguzo na matawi yaliyozama.

Kwa hiyo usilitafute ziwa zima. Chukua ghuba moja, tuseme Blood River au Jonathan Creek, na ramani inayoonyesha kina. Fuata kijito kwa kidole kuanzia mdomoni hadi mwisho. Pale kinapopinda karibu na rasi, au kinapougusa ukingo, tia alama. Asiye na boti atafute gati, daraja au ukuta wa mawe mahali ambapo kijito kinapita karibu na nchi kavu. Nimeona wazee waliokaa kwenye viti vya kukunja wakiwashinda watu wa boti siku nzima.

Dhana inayotuponza kuliko zote ni ya kalenda. "Machi imefika, wako ufukoni wanataga." Krapi hajui tarehe, anajua joto la maji. Hutaga maji yakiwa kati ya nyuzi 16 na 20 za Selsiasi, yaani kama 60 hadi 68 kwa vipimo vya Wamarekani. Maji yakiwa nyuzi 10 au 12 za Selsiasi, kama yalivyo siku nyingi za Machi, samaki yuko njiani: ameshaondoka kule kwenye kina kirefu lakini hajafika ufukoni. Mara nyingi utamkuta mita tatu hadi sita chini, kwenye ukingo wa kile kijito, anakula ajiandae. Ukimtafuta kwenye majani ya ufukoni umemtangulia, na ukimtafuta katikati ya ziwa ameshapita.

Mimi nina kipimajoto kilichofungwa kwenye uzi wa mita moja na nusu, na ninakithamini kuliko fimbo yoyote niliyonunua. Kuna siku moja nilipima ghuba ndogo saa tisa alasiri. Ukingo wa kusini, kwenye kivuli cha miti, nilipata 51 kwa vipimo vya Wamarekani. Nikavuka hadi ukingo wa kaskazini, penye mawe meusi na tope, nikapata 57. Nilidhani kipimajoto kimeharibika, nikapima tena. Sisi tuliozaliwa karibu na ikweta, jua linapita utosini, hatukuwahi kufikiri kwamba ziwa lina upande wa jua na upande wa baridi. Huku mwezi wa tatu jua linapita kusini. Ukingo wa kaskazini hulipokea mchana kutwa, tena unakingwa na upepo baridi unaotoka kaskazini. Hapo ndipo maji yanapopata joto kwanza, na visamaki vidogo anavyokula krapi huja hapo. Yeye huvifuata.

Wengine husema chubwi lazima liguse chini ndipo uwe na uhakika. Kwa kambare sawa. Krapi huning'inia juu ya tawi au kando yake, na macho yake yamekaa vizuri kwa kutazama juu. Chambo kikipita juu yake kidogo atapanda kukifuata, kikipita chini ya tumbo lake mara nyingi hana habari nacho. Kama matawi yako mita nne chini, anza na mita tatu, kisha shuka taratibu. Na akigusa, usikurupuke kuvuta kwa nguvu kama unavuta sangara. Ngozi ya mdomo wake ni nyembamba, inachanika kirahisi. Inua fimbo polepole, mweke kwenye wavu.

Kuna mama mmoja, mgeni bado, alinionyesha krapi wawili aliotaka kuwarudisha majini kwa sababu walikuwa weusi kifuani na shavuni. Alidhani ni wagonjwa. Walikuwa madume ya krapi mweupe: wakati wa kutaga hubadilika rangi, wao ndio wanaotangulia kwenye maji ya kina kifupi, wanasafisha kiota na kulinda mayai. Rangi hiyo huwachanganya hata wenyeji, wakadhani ni krapi mweusi. Hesabu miiba migumu ya pezi la mgongoni: mweusi ana saba au minane, mweupe ana sita au pungufu. Na ukianza kuwapata madume ya namna hiyo ufukoni, jua majike hawako mbali, wako nyuma yao penye maji marefu zaidi.

Baridi ikirudi ghafla, watu hufunga vifaa wakisema samaki wamerudi katikati ya ziwa. Hawaendi mbali kiasi hicho. Hurudi kwenye tawi au kisiki cha karibu chenye kina zaidi, na hukataa kukimbiza chambo. Mshushie chambo kidogo, polepole mno, ukiache kitulie.

Sasa hili naliandika kwa uchungu. Wanaume wetu wengi hukataa jaketi la kujiokolea kwa kuwa "mimi nimezaliwa ziwani, najua kuogelea." Maji ya nyuzi 10 hayamjali mwogeleaji. Ukitumbukia, pumzi inakukatika na unavuta maji kabla hujajua uko wapi, na baada ya dakika chache mikono inaacha kukutii. Jaketi livaliwe kabla ya kamba ya boti kufunguliwa, na watoto wavae hata gatini.

Leseni nayo: ile ya mwaka ya Kentucky haihesabiwi miezi kumi na miwili tangu uliponunua. Mwaka wake huanza tarehe 1 Machi na kuisha siku ya mwisho ya Februari. Uliyokata Januari imekwisha kabla krapi hawajaingia ghubani. Kanuni za idadi na urefu wa samaki zisome upya kila mwaka, na ukivuka mpaka kuingia Tennessee usidhani ni zile zile.

Mwezi wa nne ukianza, bwawa huanza kupandisha maji taratibu, karibu mita moja na nusu hadi kimo cha kiangazi. Vichaka ulivyoviona nchi kavu mwezi wa tatu vitakuwa ndani ya maji, na krapi watakuwa humo.