Eye of the Tiger si wimbo wa ngazi, wala si wimbo wa mazoezi

Wiki hii imerudi tena. Mtayarishaji mmoja kaniletea vipande vya filamu yake fupi: kijana bondia, alfajiri, anapanda ngazi za uwanja mbio, jasho linamtiririka. Chini yake kaandika, "Nitungie kitu kama Eye of the Tiger, ule wimbo wa Rocky anapopanda ngazi." Kazi yangu ni kutunga na kupanga muziki wa filamu, na sentensi hiyo nimeisikia kwa waongozaji, kwa wahariri, kwa watangazaji wa redio, hata kwa walimu wa mazoezi. Naijibu leo kwa maandishi ili nikiulizwa tena nitume kiungo tu.

Rocky, yule bondia wa filamu za Sylvester Stallone, alipanda ngazi zile mwaka 1976, kwenye filamu ya kwanza. Ni vidato 72 mbele ya jumba la makumbusho ya sanaa la Philadelphia, na muziki unaosikika pale ni Gonna Fly Now wa Bill Conti: tarumbeta, kwaya, maneno ya kuhesabika. Eye of the Tiger, yaani jicho la chui-milia, wimbo wa bendi ya Survivor, ulikuwa bado haujatungwa. Ulitoka mwaka 1982 na Rocky III. Na zile picha nyingine mnazoziunganisha nao, za theluji na magogo, ni za Rocky IV ya mwaka 1985, ambako anajifua kwa Hearts on Fire wa John Cafferty. Basi, hilo la tarehe limekwisha.

Kosa la tarehe nalisamehe. Nisilolisamehe ni dhana kwamba huu ni wimbo wa mtu anayejinoa. Hebu itazameni upya Rocky III, dakika za mwanzo tu. Wimbo unaingia baada ya kuonyeshwa tena mwisho wa pambano la filamu iliyotangulia. Rocky ni bingwa tayari. Anatetea mkanda, mpinzani baada ya mpinzani, na katikati ya mapambano tunamwona kwenye majalada ya magazeti, kwenye matangazo ya biashara, kwenye kipindi cha vikaragosi. Suti nzuri, tabasamu, kamera kila upande. Anashinda huku anaanza kulainika. Sasa angalieni picha zinazopachikwa katikati: mwanamume ameketi kati ya watazamaji, kimya, anamkazia macho Rocky. Huyo ni Clubber Lang, aliyechezwa na Mr. T. Baadaye tunamwona akijifua, kisha akiangusha watu ulingoni, mmoja mmoja, akipanda kumfuata bingwa.

Chui-milia wa wimbo ule, katika onyesho lile, ni Clubber Lang. Rocky ndiye anayewindwa.

Maneno yenyewe yanasema hivyo kwa mtu atakayeyasikiliza kuanzia mwanzo hadi mwisho. Ubeti wa pili ni onyo: kwamba mambo huenda mbio, mtu akaitoa shauku yake akapokea sifa. Kiitikio kinamzungumzia mwindaji anayenyatia usiku huku akitutazama sote. Picha ya mtu anayetazama na maneno ya mwindaji anayetazama vimewekwa pamoja makusudi. Halafu hadithi inaendelea: Rocky anapigwa vibaya, na ni Apollo Creed, mpinzani wake wa zamani, anayekuja kumwambia kwamba amelipoteza lile jicho la chui-milia. Jina la wimbo limetoka kinywani mwa Apollo, na Apollo analitaja kama kitu kilichopotea. Rocky anaporudi mazoezini ndani ya filamu hiyo hiyo, muziki unaomsindikiza ni ule wa Conti. Wimbo wa Survivor unatusubiri mwishoni, Rocky na Apollo wakiwa wawili tu ulingoni, bila watazamaji, ngumi zao zikigandishwa na kugeuka mchoro wa rangi.

Kwa hiyo ukiniambia "kitu kama Eye of the Tiger" kwa kijana wako anayepanda ngazi alfajiri, unaniomba muziki wa tishio kwa mtu asiye na chochote cha kunyang'anywa. Naweza kukutungia. Utapata midundo ya kusisimua, na onyesho litakuwa linasema jambo usilolikusudia.

Dhana ya pili ni ya wahariri zaidi. Wanaamini kwamba wimbo ulikuwepo, Sylvester Stallone akaununua, akaubandika juu ya picha. Ilikuwa kinyume. Stallone, ambaye ndiye aliyeongoza filamu hiyo, alikuwa ameshakata picha za ufunguzi akitumia wimbo wa kushikizia, yaani wa muda tu hadi upatikane ule wa kudumu: Another One Bites the Dust wa Queen, wa mwaka 1980. Ruhusa ya kuutumia hakuipata. Tony Scotti, mwenye kampuni ya rekodi iliyokuwa na bendi ya Survivor, alikuwa amemsikilizisha nyimbo zao, na Stallone akampigia simu Jim Peterik wa bendi hiyo, akaacha ujumbe kwenye mashine. Peterik na mpiga gitaa Frankie Sullivan wakapokea kaseti ya video ya Betamax yenye dakika za mwanzo. Walitunga huku wanatazama ngumi. Baadaye wakaomba filamu nzima, maana dakika zile pekee ziliwapa mdundo lakini hazikuwapa hadithi, na humo ndimo walimokutana na maneno ya Apollo.

Sikilizeni dakika ya kwanza mkiwa na habari hiyo. Gitaa linaanza kwa noti moja tu, C, nyuzi zimezibwa kwa kiganja, mapigo madogo ya haraka yasiyopanda wala kushuka. Hapo hakuna melodia. Halafu zinakuja kodi, yaani noti kadhaa zikipigwa kwa pamoja, zile zinazojulikana na kila mtu: moja, kimya. Tatu, kimya. Tatu tena, kimya. Na tatu za mwisho zinazoteremka hadi A-flati na kuachwa zining'inie. Watu husifu kodi. Mimi nasifu vile vimya. Kodi ni ngumi inapotua. Kimya ni bondia anaporudisha mkono na kutafuta nafasi. Mtu aliyeketi na gitaa bila picha mbele yake angeijaza nafasi hiyo kwa sababu masikio peke yake huogopa pengo. Wao walithubutu kuiacha wazi kwa sababu macho yao yalikuwa yanaona mkono ukirudi nyuma.

Kuna jambo jingine ambalo sijaona likisemwa vya kutosha. Wimbo wa Queen unakwenda karibu mapigo 110 kwa dakika. Eye of the Tiger unakwenda karibu 109. Kwangu hiyo si bahati. Picha zikishakatwa kwa wimbo wa kushikizia, kasi yake inabaki ndani ya mikato hata ukiuondoa wimbo wenyewe. Watunzi hawa waliipokea kasi, wakaacha mengine yote: ule wa Queen unabebwa na besi, huu unabebwa na gitaa, ule unatembea kwa madaha, huu unasukuma. Hivyo ndivyo wimbo wa kushikizia unavyopaswa kutumiwa. Shida yetu huku ni kwamba mwongozaji anakaa na wimbo wa kushikizia miezi, anaupenda, kisha anamwambia mtunzi atoe ule ule wenye jina jingine. Hapo mtunzi amebaki kuwa mpiga chapa.

Sasa niseme na yanayonitatiza mimi. Kwa mapigo 109, pigo moja linachukua fremu 13 na ziada kidogo, kwa filamu ya fremu 24, yaani picha moja moja 24, kwa sekunde. Ukitaka pigo likae juu ya fremu kamili, unakwenda mapigo 120, unapata fremu 12 sawasawa, na mafunzo mengi yatakuelekeza huko. Kwa 109 kila pigo linateleza kidogo kutoka kwenye mkato. Vitabu vinalihesabu hilo kuwa tatizo la kurekebishwa. Mimi siamini tena. Mara nyingi mkato unaotangulia pigo kwa fremu mbili unanigusa zaidi kuliko ule ulio juu ya pigo, na mara nyingine ni kinyume, kwenye onyesho lile lile. Sina kanuni. Wenzangu wanasema ni jicho kuwahi sikio. Nakubali nusu, kwa sababu ingekuwa hivyo tu, kutangulia kungefaa kila mara. Ninachofanya ni kujaribu na kutazama na mtu ambaye hajui nimebadilisha nini.

Jambo la pili linalonitatiza ni kubwa zaidi. Wimbo huu umepigwa kwenye majumba ya mazoezi kwa zaidi ya miaka 40. Ulikaa namba moja Marekani wiki 6, ukashika namba moja Uingereza, ukapata Grammy, ukateuliwa kuwania Oscar na kushindwa na Up Where We Belong. Mamilioni waliusikia kabla ya kuiona filamu, au hawakuiona kabisa. Je, kwao maana yake bado ni ya mwindaji? Nadhani wimbo una maisha mawili, na la redio limelizidi la filamu kwa mbali. Hata rekodi zake ni mbili: ile iliyomo ndani ya filamu ni demo, yaani rekodi ya majaribio, ina mngurumo wa chui-milia, ya redio ilirekodiwa upya, mngurumo ukaondolewa. Lakini mtunzi wa filamu anayeomba mfano hana budi kujua anaiga maisha yapi.

Kwa hiyo, ndugu mtayarishaji, na wengine mtakaofuata: nileteeni picha zilizokatwa, zikiwa na wimbo wowote wa kushikizia, na mniambie kwenye onyesho hilo nani ana njaa na nani ameshiba. Kama mnataka wimbo wenyewe wa Survivor, hiyo ni ruhusa mbili tofauti, ya utunzi na ya rekodi. Mwenye haki aliwahi kumfikisha mahakamani Newt Gingrich mwaka 2012 kwa kuupiga kwenye mikutano ya kampeni bila idhini, na huyo alikuwa anagombea kuteuliwa na chama chake kuwania urais wa Marekani. Anzeni kuandika maombi kabla ya kukata picha, si baada.