Kamba Haiuelekezi Mti

"Si mfunge kamba tu, vijana wavute?" Karibu kila mwenye mti ulioinamia paa anayeniita niuangushe huniambia hivyo, na mara nyingi vijana ameshawaita, wamesimama pembeni wanasubiri. Tumalizane na hili kwanza.

Kinachouelekeza mti ni bawaba, ule ukanda wa mbao unaobakizwa kati ya mkato wa mbele, upande mti unakotakiwa kuangukia, na mkato wa nyuma, upande wa pili. Kamba inaongeza nguvu tu. Bawaba ikikatika mapema, mti unafuata uzito wake, na uzito huo si wa mzaha: mita moja ya shina bichi lenye kipenyo cha sentimita 50 ina takribani kilo 150 hadi 200, matawi bado. Wanaume wanne wanaoteleza kwenye majani hawaushikilii.

Halafu kamba yenyewe hufungwa wapi? Usawa wa kifua, mkono unapofika. Hapo hata uvute kwa trekta, nguvu nyingi inapotea bure. Ifungwe juu, yapata theluthi mbili ya urefu wa mti, na ikazwe kabla mkato wa nyuma haujaenda mbali, si kungoja mti uyumbe ndipo watu wapige kelele "vuta!" Mvutaji naye akae mbali kuzidi urefu wa mti. Nafasi ikikosekana, kamba ipite kwenye kapi lililofungwa kwenye shina jingine imara, avutie pembeni.

Mti ulioinama kando ya unakotaka uangukie ndio unaowadanganya wengi. Nyuzi za bawaba za upande ulio kinyume na mwinamo ndizo zinazobeba mvuto wote. Zikikatika, mti unajipinda na kwenda ulikotaka kwenda tangu mwanzo. Ukiniuliza mimi, ukilalia nyumba na shina likiwa limeoza, hauangushwi mzima. Unapunguzwa kutoka juu, kipande kwa kipande. Ndiyo, ni kazi ya siku nzima.

"Kabari moja inatosha," wengine husema, yaani ile inayogongwa ndani ya mkato wa nyuma kuusukuma mti mbele. Piga hesabu. Kabari ikinyanyua sentimita 2.5, ikiwa sentimita 40 nyuma ya bawaba, kilele cha mti wa mita 20 kinasogea kama mita 1.25. Sasa ning'iniza jiwe kwenye uzi, rudi nyuma, uangalie kilele kimetoka nje ya wima kwa kiasi gani. Kama ni mita tatu, hiyo kabari yako haijafika hata nusu ya safari.

"Mkato wa mbele ukiwa wa kina, mti unatii." Hapana. Robo ya kipenyo inatosha. Ukizidisha, unajinyima nafasi ya kabari.

"Mti ukiwa umeinamia unakotaka uangukie, kazi rahisi." Huo ndio unaopasuka wima katikati ya mkato wa nyuma, kipande cha nyuma kikaruka juu usawa wa uso wako. Toboa kwa ncha ya msumeno wa mashine nyuma ya bawaba, bakiza ukanda upande wa nyuma, ukate huo mwisho kabisa.

"Tawi kavu likigusa waya wa umeme halina shida." Lina shida. Waya ukiwa karibu, ita shirika la umeme wazime kwanza, na msumeno ubaki kwenye gari mpaka wathibitishe.