Kidonda kisichopona, jua na DNA: maswali ya kliniki ya ngozi

Baba mmoja wa miaka 41, mwenye ualbino, alivua kapelo yake akabandua pamba iliyogandia kwenye ncha ya sikio. Kigaga kiling'oka nayo, damu ikachuruzika hadi kwenye kola. Chini yake palikuwa na kidonda cha ukubwa wa kifungo cha shati, kingo zake ngumu. Nilipomuuliza kina muda gani, alijibu, "Kaupele tu haka, daktari, hata hakaumi." Mkewe ndiye aliyesema kweli: mwaka mmoja na miezi minne, na tyubu nne za dawa ya kupaka. Mengi kati ya maswali haya waliyauliza wao. Mengine naulizwa karibu kila siku.

Jua na kidonda vinahusiana vipi?

Vinahusiana kupitia DNA. Ndani ya kiini cha kila seli ya ngozi kuna DNA, maagizo ya kikemikali yanayoiambia seli igawanyike lini na ikome lini. Maagizo hayo yakiharibika mahali pabaya, seli haikomi tena. Hiyo ndiyo saratani.

Hiyo DNA imeundwaje?

Chukua ngazi ya kamba, uisokote. Kamba mbili za pembeni ni sukari iitwayo deoksiribosi na fosfeti, zikipokezana mwanzo hadi mwisho. Vipandio ni jozi za kemikali ziitwazo besi, nazo ziko nne: adenini hushikana na thaimini kwa vifungo 2 vya haidrojeni, guanini na sitosini kwa vifungo 3. Kipandio na kipandio vimeachana kwa nanomita 0.34 tu, lakini DNA yote ya seli moja ukiinyoosha inafika kama mita 2. Umbo hili lilichapishwa na James Watson na Francis Crick mwaka 1953, na picha za eksirei za Rosalind Franklin ndizo zilizowafungulia njia.

Kwa habari ya ngozi, shika mambo mawili. Besi mbili za thaimini zinaweza kukaa jirani kwenye uzi mmoja, yaani upande mmoja wa ngazi. Na kwa kuwa kila besi ina mwenzake maalumu, uzi mmoja ukiharibika, wa pili unatosha kuonyesha kilichokuwa kimeandikwa.

Jua linaharibu nini hasa?

Miale ya urujuanimno, ile ya jua isiyoonekana kwa macho, ikizipiga thaimini mbili zilizo jirani, inazigandisha pamoja. Badala ya kila moja kumshika mwenzake wa ng'ambo, zinashikana zenyewe kwa zenyewe, na ngazi inapinda pale. Seli ikitaka kunakili DNA yake, inakwama hapo au inaweka besi isiyo sahihi.

Seli haikai ikitazama tu. Vimeng'enya, mafundi wa ndani ya seli, hukata kipande cha besi kama 30 chenye kasoro, kisha hujaza pengo kwa kusoma uzi wa pili. Tomas Lindahl, Paul Modrich na Aziz Sancar walipewa Tuzo ya Nobel ya kemia mwaka 2015 kwa kueleza namna seli inavyoikarabati DNA. Lakini anayepigwa na jua kila siku kwa miaka 20 analimbikiza makosa yaliyowaponyoka mafundi hao wa seli, na kosa likishanakiliwa kwenye nyuzi zote mbili hakuna uzi safi wa kusahihishia. Ndiyo maana vidonge na losheni zinazouzwa kwa ahadi ya "kurekebisha DNA" siwezi kukushauri utumie. Usimalizie pesa yako huko.

Mbona wengine wanashinda juani na hawapati?

Melanini, ile rangi ya ngozi, hujipanga juu ya kiini cha seli kama mwavuli, upande ule jua linakotokea. Mwenye ualbino ana melanini kidogo sana au hana kabisa, kwa hiyo DNA yake iko wazi, na saratani huweza kumtokea akiwa bado kijana. Mwenye ngozi nyeusi anao mwavuli, ila asijisahau: kwake saratani hupenda kutokea kwenye kovu la zamani la moto, kwenye donda ndugu la mguuni, kwenye wayo na chini ya ukucha.

Na hapa niseme wazi kuhusu krimu za kujichubua. Mwili umekupa mwavuli bure, wewe unaununulia dawa ya kuuondoa. Nyingine zina zebaki, ambayo ni sumu ya figo. Tafadhali acha.

Kidonda changu hakiumi. Si ina maana si saratani?

Hapana. Saratani ya ngozi ikiwa changa mara nyingi haiumi. Jipu linauma, kuungua kunauma. Saratani inakaa kimya inakula. Ukisubiri maumivu, unasubiri ifike kwenye neva au kwenye mfupa. Kutouma si dalili ya usalama.

Nipake dawa kwanza mwezi mmoja au miwili nione?

Hapana. Kidonda au kigaga kilichomaliza wiki 4 bila kupona, au kinachopona na kurudi palepale, hakihitaji tyubu nyingine. Dawa ya fangasi haiui saratani. Antibayotiki haiui saratani. Mafuta ya steroidi yanapunguza wekundu, wewe unafurahi, kidonda kinaendelea kuchimba. Angalia hasa sikio, mdomo wa chini, pua, shingo na mgongo wa mkono.

Na kama kinapungua nikipaka?

Kimepona kabisa, ngozi imefunga na haijafunguka tena? Sawa. Kimepungua tu? Njoo. Wiki 4, njoo. Hakiumi, njoo hivyohivyo.

Nasikia kikiguswa na kisu kinasambaa.

Maneno haya yameniletea wagonjwa wenye tezi za shingo zilizovimba kama mayai. Kuchukua kinyama cha kupima hakuisambazi saratani ya ngozi. Unachomwa sindano ya ganzi, kinakatwa kipande kidogo, unarudi nyumbani siku hiyohiyo. Kinachoisambaza ni muda. Ikiwa ndogo, mara nyingi upasuaji mmoja unaimaliza. Ikishafika kwenye tezi, tunazungumzia upasuaji mkubwa na mionzi, na si wote tunaowahi.

Nijikinge vipi?

Kapelo inakinga paji la uso na kuyaacha masikio na shingo. Vaa pama yenye ukingo mpana pande zote. Vaa mikono mirefu ya kitambaa kilichofumwa kwa kubana. Kaa kivulini kadiri uwezavyo kati ya saa 4 asubuhi na saa 10 jioni, hata kukiwa na mawingu mepesi, maana miale inapenya. Losheni ya kukinga jua iwe na SPF (kipimo cha nguvu yake ya kukinga) 30 au zaidi, upake tena kila baada ya saa 2, masikioni pia. Mtoto mwenye ualbino aanze haya tangu uchanga.

Yule baba aliishia wapi?

Kipimo kilionyesha saratani. Theluthi ya juu ya sikio imeondolewa, kingo zilizobaki zimekutwa safi, na tezi za shingo hazijavimba. Anarudi kila miezi 3, na kila akija tunamkagua mwili mzima, kwa sababu jua lililopiga sikio limepiga na mahali pengine. Mara ya mwisho tumekuta kigaga kipya mgongoni mwa mkono wa kushoto. Kilikuwa na wiki 2, na mkewe ndiye aliyekiona.